Daktari wa Ng'ombe Aliyejicheka Mwenyewe

Wahenga wamesema nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe. Ni neno la kweli, na kila afisi na kila kijiji kina ushahidi wake. Karani atasimulia mchana kutwa makosa ya karani wa meza ya pili, na mkulima atawachekesha watu sokoni kwa habari za jirani aliyepanda mahindi kabla ya mvua. Lakini mtu wa kusimama mbele ya wenziwe akawaambia wasikilize jinsi alivyojiaibisha yeye mwenyewe, huyo ni wa kutafutwa kwa taa. Mmoja wa watu hao alipatikana kaskazini ya Uingereza, katika mji mdogo wa Thirsk, jimbo la Yorkshire. Kazi yake ilikuwa kutibu mifugo. Jina lake la kuzaliwa ni James Alfred Wight, ingawa ulimwengu wamjua kwa jina la James Herriot.

Wight alizaliwa tarehe 3 Oktoba 1916 katika mji wa Sunderland, akalelewa Glasgow, mji mkubwa wa viwanda na meli huko Scotland. Baba yake alifanya kazi katika viwanda vya kuundia meli na kupiga piano katika nyumba za sinema. Mama yake alikuwa mshonaji wa nguo. Hapakuwa na ng'ombe nyumbani, wala malisho, wala mtu wa kumfundisha habari zake. Palikuwa na mbwa mmoja, jina lake Don, na kwa ajili ya mbwa huyo kijana aliazimia kuwa daktari wa wanyama. Katika fikira zake alijiona amevaa koti jeupe ndani ya chumba safi, akiwapima mbwa wapole walioletwa na wenyewe. Aliingia Chuo cha Udaktari wa Wanyama cha Glasgow mwaka 1933, akafuzu Desemba 1939. Mwezi wa Julai 1940 akapata kazi Thirsk kwa Bwana Donald Sinclair. Huko akakuta kwamba karibu kila mgonjwa wake ana pembe, au kwato, au vyote viwili, na kwamba chumba cha kutibia ni banda lenye mavi hadi kwenye fundo la mguu.

Kitabu chake cha kwanza kinaanza katika banda la namna hiyo. Ni usiku wa baridi kali, na theluji inapenya chini ya mlango. Daktari amevua nguo zote za juu, amelala kifudifudi juu ya sakafu ya mawe, mkono wake umezama ndani ya ng'ombe hadi begani. Ndama amekaa vibaya, kichwa kimegeuka nyuma, na kila daktari akijaribu kukishika, ng'ombe hujikaza na kumbana mkono hata vidole vinakufa ganzi. Mambo ya jinsi hii hayamo katika vitabu vya chuo. Vitabu vya chuo vina picha ya daktari nadhifu aliyekunja mikono ya shati, na ndoo ya maji ya moto iliyo safi kando yake.

Tena daktari hayuko peke yake. Pamoja na mwenye ng'ombe amekuja mjomba wake, mzee mmoja mkavu na msafi, aliyesimama akitazama kazi kwa macho ya mashaka. Mzee huyo anamjua daktari mwingine, tena daktari hodari, ambaye hazalishi ng'ombe kwa njia hii. Daktari yule hatumii sabuni ya namna hii. Daktari yule angalikwisha maliza zamani. Kila daktari huyu kijana akivuta pumzi, mzee ana neno jipya la kumsifu yule asiyekuwapo. Saa mbili zapita hivyo. Mwishowe kamba yaingia mahali pake, kichwa chageuka, ndama atoka, na kumbe yu hai! Daktari ainuka ametapakaa damu na uchafu, viungo vyote vinamwuma, na hapo mzee auliza kama haifai kupata kinywaji kidogo. Moyo wa kijana wachangamka. Ajibu kwa shukrani nyingi kwamba kinywaji kingemfaa sana. Mzee amtazama kwa mshangao: alikuwa akiuliza habari za ng'ombe.

Mkulima wa Kenya aliyepata kumwita daktari wa mifugo usiku hahitaji kuelezwa hadithi hii. Atamtambua daktari, atamtambua ng'ombe, na akiwa mkweli atamtambua na mjomba, kwa maana katika boma lolote ng'ombe akishindwa kuzaa hakukosekani mzee wa kusema kwamba zamani mambo haya hayakufanywa hivi. Yafaa kuangalia jinsi mwandishi alivyokata kitambaa chake. Ndama alipona, na kwa haki daktari ndiye aliyeshinda usiku ule. Angeweza kuandika sura nzima ya kujisifu, na watu wangemsadiki. Badala yake ushindi akampa mjomba.

Vitabu vyote vilivyofuata vilikwenda kwa njia hiyo hiyo. Tajiri wa daktari yule, aliyemwita Siegfried katika hadithi, alikuwa mtu wa fikira nyingi na kumbukumbu chache: asubuhi alitoa amri kwa ukali, na jioni akamkemea kijana kwa kuitii. Kila mtu aliyepata kuandikwa kazi amewahi kukutana na bwana wa namna hii. Karani aliyekatazwa kutumia karatasi nyingi, kisha akaulizwa mbona barua zake ni fupi, atacheka kwa uchungu. Ndugu mdogo wa tajiri, aliyeitwa Tristan, alikuwa mwanafunzi wa udaktari aliyependa bia na wasichana kuliko mitihani. Watu hawa walikuwako kwa kweli. Siegfried alikuwa Donald Sinclair, na Tristan alikuwa Brian Sinclair. Mji wa Thirsk uligeuzwa kuwa Darrowby, na hadithi zikaanzishwa mwaka 1937 ingawa Wight alifika 1940. Nguo ilikuwa yake mwenyewe, ila aliifumua hapa na pale akaishona upya.

Miongoni mwa wagonjwa wa Darrowby aliyependwa kuliko wote ni kijibwa cha jamii ya Kichina chenye manyoya marefu na pua bapa, jina lake Tricki Woo. Bibi yake alikuwa mjane tajiri aliyempenda kupita kiasi, akamlisha keki na vinono hata akavimba kama mto wa kulalia. Ukafika wakati kijibwa hakiwezi kupumua wala kusimama, na daktari akamchukua hadi nyumbani kwao ili apate matibabu. Matibabu yalikuwa siku mbili za maji matupu, kisha kuachwa akimbie uani na mbwa wa kawaida na kugombania mabaki. Akapona upesi, kama mtu ye yote angepona. Lakini bibi yake, kwa huruma, akaleta mayai mengi ya kumtia nguvu mgonjwa. Kisha akaleta divai ya kuongeza damu. Kisha akaleta brandi. Madaktari wakawa wakila mayai asubuhi, wakinywa divai mchana, na usiku wakikaa mbele ya moto wakiiombea brandi maisha marefu, na kila siku wakaona kwamba mgonjwa apaswa kukaa kidogo zaidi. Mtu mwingine angeliificha habari hiyo kaburini. Wight aliichapisha.

Wanyama wake mwenyewe walikuwa mbwa wa kawaida. Walipanda naye motokaa kwenda mashambani, na kati ya shamba na shamba alikuwa akisimama penye vilima na kutembea nao. Alipenda nchi ile yenye upepo kiasi kwamba hata fungate yake hakuiondoa humo. Alimwoa Joan Danbury tarehe 5 Novemba 1941 katika kanisa la Thirsk, kisha wakaenda kwenye bonde la Wensleydale, si mbali. Kazi ya kupima ng'ombe ugonjwa wa kifua kikuu ilikuwa imerundikana, nayo haikujua kwamba watu wameoana. Basi bwana arusi akashinda mabandani akipima unene wa ngozi ya ng'ombe mmoja mmoja, na bibi arusi akakaa na daftari akiandika hesabu. Haijulikani ni wanawake wangapi wa leo wangekubali kufungishwa ukarani katika juma la arusi yao. Ndoa ile ilidumu miaka zaidi ya 50.

Palikuwa na vita wakati huo. Kazi ya daktari wa mifugo ilihesabiwa kuwa ya lazima kwa chakula cha taifa, na mtu wa kazi hiyo hakushurutishwa kwenda jeshini. Wight alijitolea kwa hiari yake katika Jeshi la Anga, akaingia Novemba 1942, mkewe akiwa mja mzito. Alitaka kuwa rubani. Alikimbizwa juu ya vilima, akafundishwa gwaride, akafundishwa kurusha ndege ndogo ya mabawa mawili chini ya mwalimu mwenye sauti kubwa, na siku moja akairusha peke yake na kuishusha salama. Mwana wake wa kwanza alizaliwa Februari 1943, baba yuko kambini. Kisha mwili ukaleta maneno. Alikuwa na jipu la siku nyingi mahali ambapo mtu hukalia, akapasuliwa, na baada ya hapo jeshi likaona kwamba hafai tena kuruka. Novemba 1943 akarudishwa kwake. Alikuwa amelitumikia taifa mwaka mzima bila kumwona adui hata mmoja, na chanzo chake ni jambo lisilotajwa mezani. Akaandika vitabu viwili vyenye habari za mwaka huo, navyo vinachekesha. Hata hivyo msomaji asidhani kwamba ilikuwa mzaha kwake. Ameacha kazi ambayo hakuna aliyemlazimisha kuiacha, ameacha mke na mtoto mchanga, na amerudi mikono mitupu kuwaambia majirani kwa nini. Kila mtu aliyejitolea kwa moyo mweupe, akakuta kwamba msaada wake hautakiwi, anajua jinsi njia ya kurudi nyumbani ilivyo ndefu.

Miaka mingi Wight hakuandika neno. Alisimulia tu. Akirudi jioni alimweleza mkewe mambo ya siku ile, na kusema kwamba hilo ataliweka katika kitabu chake, hata mkewe akachoka kusikia habari za kitabu kisichoandikwa. Mwishowe akamwambia kwamba madaktari wa mifugo wenye umri wa miaka 50 hawaanzi kuandika vitabu. Maneno hayo yalifanya kazi ambayo kuhimizwa kwa upole hakukuifanya. Akanunua karatasi, akaanza kupiga chapa jioni baada ya kazi, chumbani pamoja na jamaa yake, televisheni ikiendelea.

Alikataliwa sana. Kwanza alijaribu hadithi za michezo, na miswada ikarudi. Alipogeukia habari za mifugo aliandika kana kwamba ni mambo ya mtu mwingine wa kubuni, naye akisimama mbali. Msomaji mmoja wa kampuni ya vitabu akamshauri aseme "mimi". Shauri lile lilikuwa jema, nalo lilihitaji ushujaa. Kumcheka daktari wa kubuni aliyelala katika mavi ni jambo jepesi. Kusema kwamba aliyelala pale ni mimi, na kesho nitapita sokoni mbele ya watu hao hao walionitazama, ni jambo jingine kabisa.

Hata hivyo hakuweza kutumia jina lake. Sheria za madaktari wa mifugo zilikataza kujitangaza, na kitabu kingeweza kuhesabiwa kuwa tangazo. Siku moja akitazama mpira kwenye televisheni alimwona mlinda lango wa Birmingham City akicheza vizuri sana. Mlinda lango huyo aliitwa Jim Herriot, na daktari akalichukua jina lake. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1970, nakala 3,000, na Uingereza haikutikisika. Mwaka 1972 mpiga chapa mmoja wa Marekani aliunganisha vitabu viwili vya kwanza kuwa kimoja, na hapo ndipo mto ulipofurika. Mpaka kufa kwake nakala za vitabu vyake zilizouzwa zilipita milioni 50, na tangu mwaka 1978 B.B.C. ilionyesha hadithi zake katika televisheni.

Lakini mtu akijicheka, aghalabu hayuko peke yake katika picha. Brian Sinclair alifurahi mno kuwa Tristan, na alipenda kwenda huku na huku kusimulia habari za ujana wake. Donald hakufurahi. Alipokisoma kitabu alimwambia Wight kwamba kitabu hicho kimeujaribu urafiki wao kwa kweli. Hakika kila aliyemjua Donald alisema kwamba mwandishi amempunguzia vituko, wala hakumwongezea. Tena Siegfried ni mtu mwema, mkarimu, mwenye moyo mkubwa, na wasomaji wote humpenda. Hayo yote hayamfariji mtu anayefungua kitabu na kukuta watu wa nchi nzima wanacheka jinsi anavyosahau maneno yake mwenyewe. Wight alikuwa na haki ya kuyatoa maisha yake sadaka. Ya Donald hakuwa nayo kwa ukamilifu, ingawa yote mawili yalikuwa yamekaa nyumba moja na kula meza moja, na hakuna mkasi wa kuyatenganisha. Hapo ndipo penye ugumu wa kazi hii ya kuchekesha, na hakuna aliyewahi kuupatia dawa. Kilichotokea ni kwamba Donald alinung'unika, Wight akahuzunika, kisha simu ikalia kwamba kuna ng'ombe mgonjwa mahali, na mmoja wao akaenda. Walifanya kazi pamoja mpaka uzeeni.

Kuna na mambo ambayo Wight hakuyaandika. Mikono ile iliyoingia ndani ya ng'ombe wasiohesabika ilimletea ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe, ambao humpata na mwanadamu, kama wafugaji na wanywa maziwa mabichi wa Kenya wajuavyo. Homa zilimjia ghafla zikamtetemesha, zikaondoka, zikarudi. Hizo alizitaja, tena kwa kucheka. Lakini mnamo mwaka 1960 alishikwa na ugonjwa wa huzuni, ugonjwa wa moyo mzito usio na sababu ya kuonekana, hata akahitaji kutibiwa na madaktari. Hayo watu wengi hawakuyajua mpaka mwanawe, ambaye naye alikuwa daktari wa mifugo, alipotoa kitabu cha maisha ya baba yake mwaka 1999. Vichekesho vyote vile, basi, mjomba na ng'ombe, kijibwa na brandi, viliandikwa na mtu aliyekwisha kupita katika giza hilo. Wasomaji walidhani kwamba anacheka kwa sababu maisha yake yalikuwa mepesi.

Fedha zilipokuja hazikumhamisha. Katika miaka ile serikali ya Uingereza ilikuwa ikitwaa hadi pauni 83 katika kila pauni 100 za juu za mshahara wa tajiri, na waandishi wengi wenye mali walikimbilia visiwa vyenye kodi ndogo, kama Jersey, kule walikotoka ng'ombe wale wa maziwa mazito. Wight alibaki na ng'ombe wa Yorkshire akalipa. Wageni kutoka Marekani walijipanga mlangoni kwake wakitaka sahihi yake, naye akawatilia, kisha akavaa mabuti. Alipenda kusema kwamba mkulima mwenye ng'ombe anayekufa hajali kama daktari ni mwandishi mashuhuri kiasi gani. Ajali kama amefika. Aliendelea na kazi hiyo mpaka uzeeni, akafariki tarehe 23 Februari 1995. Nyumba ya kazi yao, namba 23 katika njia ya Kirkgate, sasa ni jumba la makumbusho, na mtu aweza kulipa kiingilio akaone vyombo ambavyo kwavyo wakulima wa zamani walikuwa hawataki kulipa chochote.

Wakulima hao hawakusema mengi juu ya vitabu. Yasimuliwa kwamba mmoja wao alikutana na daktari akamwambia kwamba amekisoma kitabu chake na amekipenda. Wight akangoja asikie zaidi. Mkulima akatafakari kidogo, kisha akaeleza kinachomstaajabisha: mbona kitabu kizima hakina habari ya kitu chochote! Daktari alilihesabu neno hilo kuwa miongoni mwa sifa bora alizopata kupewa, akalichukua nyumbani kumsimulia mkewe.